Kununua nyumba ya mapumziko: maswali yanayorudi kila mara

Maswali haya huja kwa wingi likizo inapokwisha, mtu akiwa bado na mchanga viatuni na picha ya kibao cha "Inauzwa" kwenye simu. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale yanayomkuta mnunuzi akiwa ameshashika funguo.

## Kununua au kutonunua

Nyumba ya mapumziko ni nini hasa?

Ni nyumba ya pili, ambayo wewe mwenyewe unakwenda kukaa kwa siku kadhaa au wiki kadhaa kwa mwaka na siku nyingine zote iko tupu, imekodishwa, au anakaa ndugu. Tofauti na nyumba ya kupangisha ni kwamba ya kupangisha huchaguliwa kwa kipato, hata kama wewe huwezi kulala humo usiku mmoja. Wanaoharibikiwa mara nyingi ni wale waliotaka vyote viwili, wakachagua kwa moyo kisha wakategemea ilete faida.

Nitajuaje kama kununua kuna maana kwangu?

Hesabu usiku. Chukua kalenda za miaka mitatu iliyopita na uhesabu ni usiku mangapi ulilala nje ya nyumbani kwa mapumziko tu, bila harusi, misiba wala safari za kazi. Idadi hiyo huwashtua wengi. Mtu mwenye likizo ya wiki nne kwa mwaka, mwenye watoto shuleni na wazazi wa kutembelea, akifikisha usiku 25 mahali pamoja amejitahidi sana.

Sasa uiite bei ya nyumba vipande 1,000. Tuseme kodi, bima, umeme, maji, matengenezo na mwangalizi vinakula vipande 35 kwa mwaka. Fedha uliyoifungia humo nayo ingekuletea kitu kama ingewekwa kwingine, tuseme 40. Jumla ni vipande 75. Ukilala humo usiku 25, kila usiku umekugharimu vipande 3. Ukilala usiku 75, kila usiku ni kipande kimoja. Halafu uliza nyumba ya aina hiyo hukodishwa kwa kiasi gani kwa usiku. Kama ni kipande kimoja, basi chini ya usiku 75 kukodi ni rahisi zaidi. Ukiamini thamani ya nyumba itapanda kwa vipande 20 kila mwaka, gharama inashuka hadi 55, na idadi ya usiku inashuka nayo.

Weka namba zako halisi badala ya hizi. Jibu likitoka baya na bado unaitaka, hakuna dhambi. Watu hununua mashua na farasi. Ila ununue ukijua kuwa ni matumizi, na fedha ya matumizi isitoke kwenye akiba ya uzeeni.

Lakini nyumba haipotezi thamani, sivyo?

Hupoteza. Nyumba za mapumziko ndizo huwekwa sokoni mapema mambo yakibana, kwa sababu hakuna anayeuza anapolala kila siku akiwa na pengine pa kuuza. Hispania ilionyesha hivyo baada ya 2008, pale pwani zilipojaa fleti mpya zisizo na wanunuzi. Na hata bei isiposhuka, kuuza huku kunaweza kuchukua miezi au miaka, maana wanunuzi ni wachache na wengi wao huja msimu mmoja tu.

Tumekwenda hapo mara tano na tunapapenda. Haitoshi?

Mlikwenda mwezi gani? Kama mara zote tano zilikuwa msimu wa raha, mnaujua uso mmoja tu wa mahali hapo. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kodini nyumba mtaa uleule kwa wiki mbili au zaidi katika mwezi mbaya kuliko yote: mvua, baridi kali, upepo, maduka yamefungwa. Mpike, mfue, mtafute fundi wa bomba, mwende hospitali kuulizia tu saa za kazi. Mkirudi bado mnapataka, mmejibu nusu ya maswali ya ukurasa huu.

Mimi nilifanya hivyo mahali nilipopahusudu kwa miaka. Siku ya nne nilikuwa natafuta usafiri wa kurudi.

## Fedha

Mbali na bei, natakiwa kuwa na kiasi gani?

Kuna gharama za mara moja na gharama zisizoisha. Za mara moja ni kodi ya kuhamisha umiliki, ada ya mwanasheria au mthibitishaji, usajili wa hati, ukaguzi wa jengo, na gharama za mkopo. Katika nchi nyingi za Ulaya zikijumlishwa huzunguka asilimia 10 ya bei, kwingine chini, kwingine juu. Kisha kuna samani: nyumba tupu inahitaji kila kitu hadi kijiko, na wengi hukisahau kijiko.

Zisizoisha ndizo zinazochosha. Kanuni ya zamani ya kutenga asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka kwa matengenezo ni pa kuanzia tu. Kwa nyumba iliyo karibu na chumvi ya bahari au iliyokaa tupu muda mrefu, asilimia hiyo huwa ndogo. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo fungua daftari la nyumba siku ya kwanza.

Nikope? Na nikope kwa sarafu ipi?

Benki nyingi hudai malipo ya awali makubwa zaidi na riba ya juu kidogo kwa nyumba ya pili, kwa sababu zinajua mkopo upi utaachwa kwanza shida zikija.

Kuhusu sarafu: kopa kwa sarafu unayolipwa mshahara. Maelfu ya familia nchini Poland na Kroatia zilichukua mikopo ya nyumba kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande kupita kiwango cha 1.20 kwa yuro, na faranga ikaruka siku hiyohiyo. Watu walilala wakidaiwa kiasi kimoja wakaamka wakidaiwa kingine, bila kukopa hata senti zaidi.

Je, nikiikodisha kwa wageni haitajilipa yenyewe?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na dalali huwa na jibu tayari. Jibu lake lina matundu matatu.

La kwanza ni kalenda. Wiki zinazolipa ni zilezile unazozitaka wewe: shule zimefungwa, hali ya hewa nzuri, sikukuu. Ukizichukua, unabaki na wiki ambazo hata wageni hawazitaki. Ukiwaachia wageni, umenunua nyumba ya kwenda wakati wa mvua.

La pili ni kazi. Mgeni anaondoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa tisa mchana. Katikati lazima mtu afue mashuka, asafishe, abadilishe balbu na atafute funguo iliyopotea. Ukimpa wakala, atachukua sehemu nzuri ya mapato. Usipompa, simu ya saa nane usiku kuhusu choo kilichoziba ni yako.

La tatu ni sheria, na hili ndilo limewaumiza watu miaka ya karibuni. New York ilianza Septemba 2023 kusimamia sheria inayokataza kukodisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30: mwenyeji lazima awepo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitaongeza muda wa leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, zitakapokwisha Novemba 2028. Aliyepiga hesabu yake kwa kudhani leseni ni ya milele amebaki na hesabu tu. Pia soma kanuni za jengo lenyewe. Umoja wa wamiliki unaweza kukataza hata pale mji unaporuhusu.

Kipimo changu: kama huwezi kuihudumia nyumba miaka miwili bila mgeni hata mmoja, usiinunue. Mwaka 2020 ulitupatia mtihani huo bila taarifa.

Kodi zipi watu huzisahau?

Mbili hasa. Ya kwanza ni kodi ya nyumba ya pili yenyewe. Wales, tangu Aprili 2023, inaruhusu halmashauri kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya makazi kwa nyumba za pili. Yaani bili inaweza kufika mara nne. England nako, tangu Aprili 2025, halmashauri zinaruhusiwa kuizidisha mara mbili.

Ya pili ni kodi ya kipato ambacho hukukipata. Hispania humhesabia mmiliki asiye mkazi "kipato" cha asilimia 1.1 au 2 ya thamani ya nyumba iliyo kwenye daftari la serikali, hata kama nyumba ilikaa imefungwa mwaka mzima, kisha humtoza kodi juu ya kipato hicho cha kufikirika. Wengi huijua siku ya kuuza, pamoja na faini.

Ukiuza kwa faida, ile nafuu ya kodi ambayo nchi nyingi humpa mtu anayeuza nyumba anayoishi kwa kawaida haigusi nyumba ya pili.

## Kuchagua mahali

Iwe umbali gani kutoka nyumbani?

Jiulize kama unaweza kuondoka kazini Ijumaa, ukafika, ukala na kulala kwa saa ya kawaida. Ikiwezekana, utakwenda mara nyingi. Safari ya gari ikizidi saa tatu hivi, wikendi za kawaida hufutika polepole na nyumba inageuka ya likizo ndefu tu. Ikihitaji ndege, angalia njia hiyo inahudumiwa na mashirika mangapi, na kama huduma ipo mwaka mzima. Njia ya shirika moja la bei nafuu inaweza kufutwa kwa tangazo la mistari miwili, na nyumba yako ikawa mbali ghafla bila kusogea.

Bahari, mlima au ziwa?

Kila kimoja kina adui wake. Baharini ni chumvi: hula bawaba, mashine za kupoza hewa, vyuma vilivyo ndani ya zege, na hufika mbali kuliko matone ya mawimbi yanavyoonekana. Unapokagua nyumba ya pwani, acha kuangalia bahari. Tazama nyufa chini ya baraza na michirizi ya kutu kwenye nguzo.

Mlimani, kama unafuata theluji, urefu kutoka usawa wa bahari ndio bei yako ya baadaye. Vituo vya kuteleza kwenye theluji vilivyo chini katika milima ya Alps vimekuwa vikipata theluji haba na msimu mfupi, na vingine vimeshafunga. Uliza pia nani husafisha barabara ya mwisho hadi mlangoni: serikali, jumuiya, au wewe na koleo.

Ziwani, uliza historia ya kina cha maji na usafi wake mwisho wa kiangazi, maji yanapopata joto na mwani kuzidi.

Nitajuaje kama mahali patakuwa salama miaka 20 ijayo?

Anza na bima, kabla ya kulipa amana yoyote. Omba bei ya bima ya nyumba hiyohiyo, kwa anwani yake kamili, kutoka kampuni tatu. Kampuni za bima zimeshafanya hesabu ya mafuriko, moto wa misitu na dhoruba kuliko utakavyofanya wewe. Zikikataa zote, au zikitaja bei ya ajabu, zimekujibu.

Kisha tazama picha za angani za miaka tofauti. Huko Rodanthe, North Carolina, nyumba kadhaa za ufukweni zimeanguka baharini tangu 2020. Zilipojengwa kulikuwa na ufukwe mpana mbele yake. Mchanga ndio uliohama.

Wenyeji watatupokeaje?

Inategemea mmekuwa wangapi. Nyumba zenye taa zimezimwa zikizidi, shule inakosa watoto, duka linafungwa, na vijana wa hapo hawawezi tena kununua kwao. Hasira hiyo hugeuka sheria. Mji wa St Ives, Cornwall, Uingereza, ulipiga kura mwaka 2016 kwamba nyumba mpya zinazojengwa ziuzwe kwa watakaoishi humo mwaka mzima. Uswisi ilipiga kura Machi 2012 kuzuia nyumba za pili zisizidi asilimia 20 katika kila manispaa.

Kwa mnunuzi, maana yake ni mbili: mahali penye nyumba za pili nyingi mno panaweza kubadilishiwa masharti, na wewe ni jirani hata ukija mara tatu kwa mwaka. Nunua vitu hapo, ajiri fundi wa hapo, salimia.

## Nchi ya kigeni

Mgeni anaruhusiwa kumiliki?

Usidhani. Mexico hairuhusu mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Benki hushika umiliki kwa niaba yake kwa mkataba wa udhamini wa miaka 50 unaoweza kuongezwa. Thailand humruhusu mgeni kumiliki fleti ndani ya jengo, mradi wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti za jengo hilo, lakini si ardhi. Kenya, kwa katiba ya 2010, humpa asiye raia haki ya kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Denmark ililinda nyumba zake za kiangazi kwa kipengele maalumu kwenye mkataba wa Maastricht wa 1992, ule uliounda Umoja wa Ulaya, hivyo hata raia wa Umoja wa Ulaya wanaweza kuhitaji kibali.

Njia ya mkato ya kumwandikisha raia rafiki kama mmiliki wa jina, huku fedha ni zako, ni kumpa nyumba. Mkikosana, au akifa, hati inasema yake.

Nikinunua, napata haki ya kuishi huko?

Kwa kawaida hapana. Hati ya nyumba na kibali cha ukazi ni mambo mawili tofauti. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya wanaoingia kwa utaratibu wa kutembelea hawaruhusiwi kukaa eneo la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, wawe na nyumba au wasiwe nayo. Waingereza wenye nyumba Ufaransa na Hispania walilijua hilo Januari 2021, nchi yao ilipomaliza kujitoa Umoja wa Ulaya. Na milango iliyokuwa wazi imefungwa: Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba kwenye vibali vyake vya wawekezaji mwaka 2023, Hispania ikafunga mpango wake Aprili 2025.

Naweza kumtumia mwanasheria wa muuzaji? Amesema atanipunguzia.

Hapana. Wala yule aliyependekezwa na dalali.

Nikistaafu naweza kuhamia humo moja kwa moja?

Soma kwanza masharti ya matumizi. Denmark, kwa mfano, nyumba za kiangazi kwa ujumla huruhusiwa kukaliwa kuanzia 1 Machi hadi 31 Oktoba, na miezi mingine kwa vipindi vifupi, ingawa mstaafu aliyeimiliki nyumba angalau mwaka mmoja huruhusiwa kuishi humo mwaka mzima. Maeneo mengine yana masharti kama hayo kwa vibanda vya bustani za likizo. Kisha fikiria ngazi, hospitali, na maisha bila kuendesha gari.

## Aina ya nyumba na ya umiliki

Fleti au nyumba inayojitegemea?

Fleti hufungwa mlango ukaondoka. Hilo ni jambo kubwa kwa asiyekuwepo. Lakini unakuwa mmiliki mwenza wa paa, lifti na nguzo, pamoja na watu wasiopenda kulipa. Jengo la Champlain Towers South huko Surfside, Florida, liliporomoka usiku wa 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Wamiliki walikuwa wametoka kuvutana kwa miaka kuhusu ukarabati wa mamilioni ya dola. Omba kumbukumbu za mikutano ya miaka mitano, hesabu ya mfuko wa akiba, na orodha ya madeni ya ada. Mfuko mtupu kwenye jengo la miaka 40 maana yake bili inakusubiri wewe.

Na ile ya kununua wiki kadhaa tu?

Hapo hununui nyumba, unanunua haki ya kutumia, pamoja na ada ya kila mwaka inayopanda. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kugumu. Wapo wanaoitoa bure na hawapati mpokeaji. Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Zitumie zote, mbali na ukumbi uliosainishiwa.

Tunataka kununua na ndugu. Wazo zuri?

Linaweza kuwa, kama mtaandikiana mkiwa bado mnapendana. Mambo manne yasikose: nani anapata wiki ya sikukuu na zamu inazungukaje, fundi wa kiasi gani anaitwa bila kuuliza wengine, mmoja akishindwa kulipa nini kinatokea, na mmoja akitaka kutoka, bei inapangwa na nani, ndani ya muda gani. La mwisho ndilo huvunja familia. Gawaneni pia usiku kwa hesabu ile ya juu: mwenye theluthi ya hisa anayelala usiku sita kwa mwaka ataanza kunung'unika mwaka wa pili.

Nikifa inakwenda kwa nani?

Mara nyingi kwa sheria ya mahali nyumba ilipo, si ya kwenu. Ufaransa huwatengea watoto fungu ambalo wasia hauwezi kuligusa: nusu ya mali kwa mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu na zaidi. Tangu Agosti 2015 kanuni ya Umoja wa Ulaya inamruhusu mtu kuchagua kwenye wasia sheria ya nchi ya uraia wake, ingawa Ufaransa imeongeza masharti yake baadaye. Andika wasia unaoitaja nyumba hiyo, ukishauriwa na mwanasheria wa huko (si yule wa muuzaji).

## Baada ya funguo

Nani ataiangalia nikiwa sipo?

Mtu wa kulipwa. Jirani mwema hufaa mwaka wa kwanza, kisha huchoka na wewe huona haya kumuuliza. Soma bima: sera nyingi hupunguza au hufuta fidia nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60 mfululizo, na nyingine hudai kumbukumbu ya ukaguzi. Kwa hiyo mwangalizi aandike tarehe na apige picha.

Maji yaliyolala kwenye mabomba, yakiwa vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, hulea bakteria wa Legionella, ambao wakivutwa pamoja na mvuke huleta nimonia kali. Ukifika, fungua madirisha, uache bomba zote zitiririke dakika kadhaa, na usisimame kwenye bafu la mvua kuvuta mvuke wake wa kwanza. Ukiondoka, funga maji kwenye mita.

Nimeshanunua na sasa siendi. Nifanyeje?

Chukua daftari la nyumba, hesabu usiku wa miaka miwili iliyopita, na ugawanye gharama. Ukipata namba, iandike kwenye karatasi na uibandike jikoni nyumbani kwako kwa mwezi mmoja. Kama tatizo ni kazi iliyobana kwa mwaka mmoja au mtoto mchanga, ikodishe kwa mpangaji wa miezi kadhaa ili ipate hewa na mtu. Kama tatizo ni kwamba hamtaki tena kwenda, uza, na iweke sokoni wiki chache kabla ya msimu, bustani ikiwa imefyekwa.